Madaftari Niliyoyaosha

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili. Hasira hizo ndizo zilizonipatia kazi ya maktaba. Ni hizohizo pia zilizonifanya niamini kwamba najua jambo ambalo sikulijua.

Mama yangu alikuwa mwanikaji wa katani katika shamba moja la mkonge nje ya Kilosa, njia ya kwenda Mikumi. Baba alikuja kutoka Unyamwezi akiwa manamba, mkataba ukaisha, akabaki, akafariki nikiwa bado natambaa. Mimi masista walinisomesha mpaka darasa la nane, wakanifundisha na kupiga chapa. Jirani na shamba lile palikuwa na chuo kidogo cha kilimo cha Serikali ya Waingereza, kilichofundisha mabwana shamba. Nikaenda kuomba kazi. Mkuu wa chuo, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu, akaniambia kazi ya mwanamke pale ni moja tu, kufua mashuka ya wanafunzi. Nikamjibu kwa Kiingereza cha masista kwamba kama ni kufua, tuanze na kola ya shati lake.

Nilikuwa nimeshageuka niondoke. Pembeni alikuwa amekaa mzee mmoja wa makamo, amevaa kofia ya kufuma, bunda la vitabu mapajani. Akacheka mpaka vitabu vikamporomoka.

"Bwana, huyu nipe mimi," alisema. "Natafuta mtu anayeweza kusema hapana."

Sikuelewa maktaba ingemtakia nini mtu wa kusema hapana. Nilidhani maktaba ni ghala, kadiri unavyojaza ndivyo inavyokuwa bora. Mzee huyo ndiye aliyekuwa mwangalizi wake. Alikuwa mtu wa Tindiga, alifanya kazi za kilimo huko bondeni kwa miaka mingi mpaka mguu wake wa kushoto ukaharibika, ndipo chuo kikamleta kwenye vitabu kwa sababu hakikujua kimweke wapi. Kila mtu alimwita Mzee tu, na mimi nitamwita hivyo.

Maktaba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, mabati juu, saruji chini, madirisha upande wa mashariki. Siku ya kwanza Mzee alinionyesha daftari moja chafu lililoning'inizwa kwa kamba ya katani karibu na mlango. Nikadhani ni la kuazimia vitabu. Kumbe lilikuwa la maswali. Mwanafunzi au mwalimu akitafuta jambo akalikosa, aliandika humo: kwa nini pamba ya Chanzuru inaangusha vitumba, je, mkonge unaweza kupandwa na maharage katikati, ng'ombe akila majani haya atakufa au ataumwa tu. Mara moja kwa mwaka, chuo kiliporuhusu kuagiza vitabu, Mzee alikaa na daftari hilo, akatafuta katika orodha za wachapishaji vitabu vinavyojibu maswali mengi zaidi. Kitabu kisichojibu swali la mtu yeyote hakikuagizwa, hata kama mkuu wa chuo alikisifia.

Nilikaa nalo daftari lile mchana kutwa nisiweze kuliweka chini. Nilikuwa nimekulia kwenye shamba ambalo mtu aliitwa kwa namba yake ya mkataba, na hapa palikuwa na chumba kizima kilichojengwa kwa kufuata yale ambayo watu hawakuyajua. Nilistaajabu, na mpaka leo nikikumbuka nastaajabu.

Zawadi ndizo zilizonifundisha kusema hapana. Mzungu akihama, mke wake alituma masanduku ya vitabu chuoni akidhani ametufadhili. Mzee alishukuru kwa adabu zote, akafungua sanduku, akachagua kimoja au viwili, akafunga, na kilichobaki kikarudi kilikotoka. Mimi ndiye niliyetumwa kurudisha, kwa sababu yeye aliona haya. Nilifurahi sana kuwaambia mabibi wale kwamba chuo cha kilimo hakina haja na kitabu cha kupamba keki.

Lakini ajabu kubwa ilikuwa kubadilishana. Kila mwaka chuo chetu kilichapisha ripoti nyembamba kuhusu mkonge na pamba. Tulizifunga kwa karatasi ya kaki, tukaandika anwani za vyuo vya mbali, tukazipeleka stesheni ya Kilosa. Baada ya miezi, treni ilileta vifurushi kutoka Java, Bara Hindi, Sudani na visiwa vya Karibi. Hakuna mtu aliyenunua wala kuuza. Watu wa huko walijua mkonge wetu unaumwa nini, na sisi tulijua wao wanasumbuliwa na nini. Siku nilipofungua kifurushi cha Java nikaona picha ya mwanamke anaanika katani juu ya waya, kitambaa kichwani, mkono kiunoni vilevile kama mama, nilikipeleka kitabu dirishani penye mwanga. Nikamwomba Mzee ruhusa nimwonyeshe mama. Mama akaitazama picha kwa muda.

"Huyu hakuziosha vizuri," alisema. "Ona zilivyokuwa za manjano."

Kila kilichoingia kilipewa namba katika rejesta, kitabu kikubwa cha jalada jekundu ambacho Mzee alikijaza kwa mkono wake mwenyewe: namba, jina la kitabu, kimetoka wapi, kimetolewa na nani. Mimi nilichapa kadi, nikazipanga kwenye sanduku la droo, kadi moja kwa jina, nyingine kwa jambo lenyewe. Na mara moja kwa mwaka tulipunguza. Vitabu vilivyochakaa au kupitwa na wakati vilipigwa muhuri wa KIMEONDOLEWA, mstari mwekundu ukapita juu ya namba yake katika rejesta. Mara ya kwanza nilimuuliza Mzee kama haoni uchungu. Akasema anaona, na akanikabidhi muhuri.

Sasa nifike kwenye madaftari.

Katika rafu ya chini kabisa, pembeni, yalikuwepo madaftari ya mkono. Wasaidizi wa kilimo waliowekwa vijijini, kutoka Mikumi mpaka Tindiga, walikuwa wakipima mvua kila asubuhi na kuandika. Waliokaa kando ya mto Mkondoa na vijito vyake walipima na kina cha maji kwa mti uliochomekwa mtoni na kupigwa alama za rangi. Namba zao zilitumwa ofisini kwa jumla ya mwezi tu, madaftari yenyewe yakatupwa au yakafungiwa vitumbua. Mzee alikuwa amezunguka kwa miaka, kwa baiskeli na baadaye kwa mguu mbovu, akiyakusanya. Aliyapa namba za maktaba kama kitabu chochote. Mimi niliyachapia kadi, na kwa agizo lake kadi zilitaja mahali na miaka tu, si mwandishi.

Mkuu wa chuo hakuyataka. Alisema maktaba ya chuo ni ya vitabu vilivyochapishwa, si ya madaftari ya vijana wa kupima mvua, na kwamba rafu ile inahitajika kwa vitabu vipya. Wakabishana mwaka mzima, Mzee kwa upole na yule bwana kwa sauti. Mwishoni wakaafikiana jambo moja. Mkaguzi wa maktaba angekuja kutoka Dar es Salaam baada ya masika. Akisema madaftari yanafaa, yatapewa rafu yao ya heshima. Akisema hayafai, yatachomwa moto nyuma ya jiko.

Sijawahi kumwona Mzee akiogopa kitu kama alivyoogopa siku hiyo ya mkaguzi. Chai ilimpoa mezani. Alinituma niyahesabu madaftari mara mbili kwa juma, kana kwamba yana miguu.

Masika ya mwaka huo yalikuja kwa nguvu. Mguu wa Mzee ukavimba, wakampeleka hospitali Morogoro kwa treni, nami nikabaki peke yangu na funguo. Aliniambia neno moja tu kutoka dirisha la behewa: "Madaftari, mwanangu."

Siku ya tatu, mchana, mvua haikuwa inanyesha hata tone kwetu, jua linawaka. Ilikuwa imenyesha milimani. Kijito kilichopita nyuma ya chuo kikavimba kikaingia maktaba kwa mlango wa nyuma, maji mekundu mazito ya matope. Nilipofika na wanafunzi yalikuwa yameshafika magotini. Tuliokoa tulichoweza. Vitabu vilivyochapishwa vilikuwa juu. Yaliyopewa rafu ya chini ndiyo yaliyoloa, maana hayakuwa na mtetezi isipokuwa mgonjwa wa Morogoro.

Jioni maji yakatoka. Madaftari yote yalikuwa yamefunikwa na matope, rafu moja na nusu ya madaftari, yamegandamana. Mkuu wa chuo alichungulia mlangoni, akasema kwamba basi jambo limejimaliza lenyewe. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia hakijamalizika kitu, mkaguzi atayakuta meupe na safi kuliko mashuka ya kitanda chake.

Na nilijua nitafanya nini. Na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Nilijua kwa uhakika wa mtu aliyezaliwa kwenye kazi. Katani ikitoka kwenye korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, ni ya kijani, ina utomvu na uchafu. Unaiosha kwa maji mengi safi, unaianika juani, na jua linaifanya nyeupe. Ikichelewa kuoshwa inaoza, ikikosa jua inakuwa ya daraja la chini. Sikuwa mjinga, nilijaribu kwanza. Nilichukua kitabu kimoja kilichochapishwa, kilichorukiwa na matope, nikakisuuza kwenye ndoo, nikakianika dirishani. Kilikauka vizuri, kila herufi mahali pake. Nikasema nimeweza.

Asubuhi nikapakia madaftari kwenye mkokoteni, nikayapeleka shambani kwa mama. Nyapara alituruhusu kutumia tangi la kuoshea na mistari miwili ya waya, kwa kuwa mashine ilikuwa imesimama. Wanawake wa kuanika walinisaidia, kila mmoja na daftari lake, ukurasa kwa ukurasa, taratibu, kwa mikono inayojua kushika kitu chenye nyuzi bila kukikata. Maji yakatoka mekundu, kisha yakawa na ubuluu kidogo. Niliuona ubuluu huo. Nikasema ni rangi ya majalada, maana majalada yalikuwa ya buluu. Mama aliuliza, "Na wino, je?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba nimeshajaribu, wino hautoki.

Wino uliojaribiwa ulikuwa wa kiwandani, wa mashine ya kuchapa. Wasaidizi wa kilimo walipewa wino wa unga, wakauchanganya wenyewe na maji, na wengi waliuchanganya mwepesi ili udumu. Hilo nililijua. Nilikuwa nimekaa miaka miwili kwenye maktaba ile nikiyagusa madaftari hayo, na hilo sikulifikiria hata dakika moja.

Tuliyaanika siku tatu, jua kali la kati ya mvua. Yalipendeza! Karatasi zilipepea kwenye waya, nyeupe, na wapita njia wakasimama kutazama. Siku ya tatu saa tisa alasiri nikaanza kuyakusanya. Nikafungua la kwanza nisome namba zake nifurahi. Kurasa zilikuwa tupu. La pili tupu. La tatu lilikuwa na kivuli cha ubuluu pembeni, mahali karatasi ilipojikunja ikajificha na jua. Nikakimbia mstari mzima nikifungua na kufunga. Yaliyoandikwa kwa penseli, machache, ya wale wasaidizi ambao mimi niliwacheka kwamba hawajui kushika kalamu ya wino, yalisomeka yote kama siku yalipoandikwa. Mengine nilikuwa nimeyafua mpaka maneno yakaisha.

Niliketi chini kwenye takataka za mkonge. Mama akaja akaketi na mimi, akanitoa nyuzi za katani nguoni.

Mzee alirudi baada ya juma, na fimbo. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno, na barua ya kuacha kazi nimeshaichapa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaona uso wangu, akaenda moja kwa moja mezani nilipoyapanga. Akafungua daftari moja. Akafungua la pili. Nikamweleza yote bila kujitetea, tangi, waya, siku tatu.

Nilingoja anifokee. Ningeshukuru. Aliweka mkono juu ya karatasi. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Walitumia nibu gani?"

"Mzee?"

"Nibu. Kalamu ya chuma. Tuliwapa zile ngumu." Alikuwa anapitisha kidole juu ya ukurasa mtupu, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akashuka mstari na kurudia. "Njoo kesho mapema, jua linapotoka. Na hiyo barua iliyo mfukoni mwako ichane, inanikera."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu tulikuwa dirishani. Alishika daftari karibu na jicho, akalilaza mpaka jua, ambalo ndio kwanza lilikuwa linachungulia juu ya mikonge, likapita juu ya karatasi kwa ubavu, sio kwa kuipiga usoni. Akanivuta kichwa.

"Tazama."

Sikuona kitu. Akalisogeza kidogo. Na ghafla zikatoka. Nibu ilikuwa imechimba. Kila namba ilikuwa na mfereji wake mwembamba, na jua la ubavu lilijaza mfereji ule kivuli. Sifuri, nukta, saba. Chini yake sifuri. Chini yake neno "manyunyu". Mtu aliyekuwa amesimama nje kijijini kwenye baridi ya asubuhi miaka kumi iliyopita, akakandamiza kalamu, alikuwa bado yupo kwenye karatasi ile. Nilipiga kelele, wanafunzi wakaja mbio wakidhani kuna nyoka.

Nimeona mengi tangu siku ile, na nimefanya kazi katika maktaba kubwa zenye ghorofa. Sijaona kitu kilichonishtua roho kama namba zile zikitoka mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Tulikuwa na saa moja na nusu kila siku. Jua likipanda, ukurasa ulirudi kuwa mtupu, basi tena mpaka kesho. Mzee alishika na kusoma, mimi nilichapa. Siku za mawingu tulikaa tukitazama mawingu, nami niliyatukana. Tulijifunza mikono ya watu ambao sikuwahi kuwaona. Yule wa Chanzuru alikandamiza mpaka namba zake zilihisika kwa upande wa pili, ungeweza kuzisoma macho yamefungwa. Yule wa njia ya Mikumi aliandika kwa mkato, na kila tembo alipopita kwenye kipima mvua chake alilalamika pembeni. Mmoja aliandika sifuri, sifuri, sifuri kwa miezi mitano ya ukame, na kila sifuri ilikuwa imechimbwa zaidi kuliko iliyotangulia. Mzee alizisoma zile sifuri zote, moja moja, nami nikazichapa zote.

Yalikuwepo madaftari tisa ambayo Mzee aliyaweka kando tangu wiki ya kwanza. Aliyashika juani mara moja, akatikisa kichwa, akasema mwandishi alikuwa na mkono mwepesi mno, hayana kitu. Nilitaka kujaribu mwenyewe. Akasema tusipoteze asubuhi, wengine wanangoja.

Mkaguzi alikuja mwezi wa saba. Alikuwa mwanamke wa Kiingereza, mfupi, na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipitia rejesta, kadi, vitabu vya kununua, vya kubadilishana. Aliliona daftari la maswali, akaliangalia muda mrefu, akamuuliza Mzee amejifunza wapi kuchagua vitabu hivyo. Mzee akasema amejifunza kwa kukosa majibu. Kisha mkuu wa chuo akamwongoza kwenye madaftari, akamweleza kwa kirefu habari ya kuoshwa kwake, na kunionyesha mimi kwa kidole.

Yule bibi akazunguka meza. Aliketi kwenye kiti changu, akachukua kurasa tulizochapa, akasoma. Alisoma mpaka saa sita. Akataka kuonyeshwa tulivyofanya, ikabidi arudi kesho yake na jua. Alipoziona namba zikitoka, alivua miwani akaifuta akaivaa tena. Akasema amekagua maktaba nchi tatu na hajaona mto ulioandikwa na watu wake wenyewe namna hii, na kwamba madaftari haya hayataondolewa yeye akiwa hai. Mkuu wa chuo akakohoa. Rafu ya heshima ikatolewa siku hiyohiyo.

Nilikuwa nataka kumkumbatia Mzee, lakini hatukuwa watu wa namna hiyo. Nikamshika mkono nikautikisa kama naenda safari.

"Ila yale tisa," mkaguzi alisema akifunga begi lake. "Yasiyosomeka hayana haki ya rafu. Yaondolewe kwa utaratibu."

"Sawa, bibi," Mzee alijibu haraka, haraka mno.

Walipoondoka, nikaleta muhuri, wino mwekundu na rejesta. Kazi ya kukata namba ilikuwa ya Mzee siku zote, lakini siku hiyo aliniambia nifanye mimi, macho yamemchoka. Nikafungua ukurasa. Nikatafuta namba ya kwanza kati ya tisa. Daftari la mvua na la mto, Tindiga. Limetolewa na. Hapo, mahali pa jina la msaidizi aliyeandika, palikuwa na jina la Mzee. Namba ya pili, jina la Mzee. Zote tisa, mwaka baada ya mwaka.

Nikaweka kalamu chini.

"Mzee, haya ni yako."

"Ni ya maktaba."

"Uliyaandika wewe! Miaka tisa. Umekaa hapa miezi mitatu unasoma ya wenzako, na yako yapo pale kando. Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeyang'ang'ania hayo tu," alisema. "Nakujua. Ungeyakodolea macho mpaka mkaguzi afike, na ya wenzangu yangebaki. Mimi mkono wangu ulikuwa mwepesi. Walinisifia sana kwa mwandiko wangu."

Nililia kwa hasira, na hasira zote zilikuwa juu yangu mwenyewe. Kisha, kwa kuwa sijui kulia kwa muda mrefu, nikaingiza karatasi kwenye mashine.

"Sema unazokumbuka. Nitachapa."

"Miaka tisa, mwanangu? Nani anakumbuka mvua ya miaka tisa?"

"Siku moja basi. Sema siku moja."

Aliketi. Alikuwa anausugua mguu wake mbovu. Nje wanafunzi walikuwa wanarudi kutoka shambani na majembe.

"Siku moja ipo," alisema. Akataja tarehe na mwezi bila kufikiri. "Andika. Tindiga. Mvua, inchi tatu na robo. Mto, saa moja asubuhi, futi kumi na moja, umepita alama ya mwisho ya mti. Hauvukiki."

Nikachapa. Nikamuuliza amewezaje kuikumbuka hiyo na si nyingine.

"Mke wangu alikuwa na uchungu," alisema. "Mkunga alikuwa ng'ambo. Kila mara nilikwenda kwenye mti ule kutazama kama maji yanashuka. Mtoto alizaliwa adhuhuri, hakulia." Alisema kwa sauti ileile ya kusomea namba. "Kabla ya siku hiyo, zipo asubuhi nilizojaza namba nikiwa kitandani. Wengi walifanya hivyo. Baada ya hapo sikukosa hata siku moja, na nikaanza kwenda kwa wenzangu wa juu ya mto, kuwaomba na wao waandike mto, watunze madaftari. Nilifikiri yakikusanywa yote mahali pamoja, siku moja mtu ataweza kujua mapema maji yanakuja, avuke kabla."

Nikaondoa mikono kwenye mashine. Mtu huyu nilikuwa nimemwoshea miaka yake tisa kwenye tangi la katani.

"Hayo ya mtoto usiandike," aliongeza. "Maktaba haiyahitaji."

Nikachomoa karatasi, nikaibandika ndani ya daftari la kwanza kati ya tisa. Daftari lile sasa lilikuwa na mstari mmoja unaosomeka, na kwa amri ya mkaguzi halikuweza kuondolewa. Nikalipeleka kwenye rafu pamoja na ya wenzake. Manane yaliyobaki niliyapiga muhuri mbele yake, moja baada ya moja, na kila muhuri yeye aliitikia kwa kichwa.

Alasiri alipotoka kwenda kuswali, nililitoa lile daftari, nikaibandua karatasi kwa uangalifu, nikairudisha kwenye mashine. Chini ya mvua na kina cha mto nikachapa mstari wa pili: Mkunga hakuweza kuvuka.